Nenosiri la postgres limepotea kwenye Windows: usisanidue kitu kwanza

Mkuu, umeuliza hivi: umesakinisha PostgreSQL (programu ya kanzidata) kwenye seva ya Windows, nenosiri la postgres halikumbukwi, na umeshashauriwa uondoe kila kitu uanze upya. Ushauri huo hauponyi. Programu ikisaniduliwa, folda ya data inabaki palepale. Ukisakinisha tena juu yake, nenosiri la zamani bado limo ndani ya kanzidata, na hilo jipya unaloandika linakataliwa. Watu wakifika hapo hukata tamaa, wakaifuta folda ya data kwa mkono, na kazi yote ikaenda nayo.

Kabla ya kugusa chochote, jua ni nenosiri lipi limepotea, maana jina postgres linabeba vitu viwili. Kuna akaunti ya Windows inayoendesha huduma, halafu kuna mtumiaji mkuu aliye ndani ya kanzidata yenyewe. Havijuani kabisa, ukibadilisha kimoja, kingine hakina habari. Kabla ya toleo la 9.2, kisakinishi cha Windows kilikuwa kinatengeneza akaunti ya Windows iitwayo postgres na kuipa nenosiri lake. Tangu 9.2 huduma inaendeshwa na NetworkService, akaunti ya Windows yenyewe, ambayo haina nenosiri la kukumbuka. Kwa hiyo kama toleo lako ni la karibuni, karibu hakika ulichopoteza ni nenosiri la ndani.

Thibitisha kwa dalili. Fungua services.msc (dirisha la huduma za Windows), tafuta huduma yenye jina kama postgresql-x64-16 (16 ni namba ya toleo). Ikiwa inafanya kazi lakini psql (programu ya kuandikia amri za PostgreSQL) inajibu

FATAL: password authentication failed for user "postgres"

basi ni la ndani. Ikiwa huduma yenyewe haiwaki na Windows inaleta Error 1069, hiyo ni akaunti ya Windows. Na kama ni pgAdmin 4 (programu ya kusimamia PostgreSQL kwa madirisha) inayokudai Master Password, hilo ni jambo la tatu kabisa: linalinda manenosiri yaliyohifadhiwa ndani ya pgAdmin tu. Bonyeza Reset Master Password. Utapoteza manenosiri hayo yaliyohifadhiwa, data yako haiguswi.

Tuanze na la ndani. Kwanza angalia kama kweli limepotea: fungua %APPDATA%\postgresql\pgpass.conf. Kama kuna aliyelihifadhi huko, liko wazi mwishoni mwa mstari, baada ya nukta pacha ya nne. Angalia pia faili za mipangilio za programu zinazotumia kanzidata hiyo.

Halipo? Nenda kwenye folda ya data, kwa kawaida C:\Program Files\PostgreSQL\16\data, utafute pg_hba.conf. Faili hili ndilo linaloamua nani aingie, kutoka wapi, na kwa uthibitisho gani. Tengeneza nakala yake kwanza, uiite pg_hba.conf.asili. Kisha fungua Notepad kwa haki za msimamizi, la sivyo Windows itakukatalia kuhifadhi. Hakikisha pia haihifadhiwi kama pg_hba.conf.txt, hili huwapotezea watu muda mwingi, kwa sababu Windows inaficha viambishi vya faili na wao wanaona jina liko sawa.

Maelekezo mengi yanakuambia ubadilishe mistari yote iwe trust, yaani kuingia bila kuulizwa nenosiri. Mimi sikubaliani nayo. PostgreSQL inasoma mistari kuanzia juu na kutumia wa kwanza unaolingana, basi ongeza miwili tu juu ya yote mingine:

host all postgres 127.0.0.1/32 trust
host all postgres ::1/128 trust

Miwili, kwa sababu localhost (jina la kompyuta yenyewe) kwenye Windows mara nyingi inakwenda kwenye ::1 ya IPv6. Ukiweka wa kwanza peke yake utaendelea kuulizwa nenosiri na kudhani hatua nzima imeshindikana. Usithubutu kuandika 0.0.0.0/0 (anwani zote) na trust kwenye mstari mmoja, hata kwa dakika moja. Na kama seva hiyo ina watu wengine wanaoingia kwa Remote Desktop, kumbuka kwamba kwa sasa yeyote kati yao anaweza kuwa mtumiaji mkuu. Fanya kazi hii wakati hawapo.

Kwenye Windows, mabadiliko ya pg_hba.conf yanatumika mara moja kwa kila muunganisho mpya. Kwenye Linux lazima uamuru faili lisomwe upya kwa pg_ctl reload. Sasa ingia:

"C:\Program Files\PostgreSQL\16\bin\psql.exe" -h 127.0.0.1 -p 5432 -U postgres

Kama umewahi kusakinisha matoleo mawili, la pili huenda liko poti 5433. Andika SHOW hba_file; (pamoja na nukta mkato) uone kama faili ulilohariri ndilo linalosomwa na seva uliyoingia. Halafu:

\password postgres

Itakuuliza nenosiri jipya mara mbili. Nakushauri hii badala ya ALTER USER postgres PASSWORD '...', kwa sababu \password inasimba nenosiri upande wako kabla ya kulituma. Ukitumia ALTER USER, linaweza kubaki likisomeka kwenye kumbukumbu za seva na kwenye historia ya psql.

Sasa ondoa ile mistari miwili. Hapa ndipo hatari kubwa ilipo, kwa sababu kila kitu kinafanya kazi na hakuna kinachokukumbusha. Fungua psql upya. Lazima iulize nenosiri. Hakikisha pia kwamba hakuna trust iliyosahaulika (jedwali hili lipo kuanzia toleo la 10):

SELECT line_number, type, user_name, address, auth_method, error FROM pg_hba_file_rules;

Safu ya error ni ya thamani. Ukiacha kosa la maandishi kwenye faili, siku huduma itakapoanzishwa upya haitawaka, na sababu utaikuta kwenye folda ya log iliyo ndani ya data.

Umebadilisha na bado inakataa? Kuna mambo mawili. Huenda akaunti iliwekewa tarehe ya kuisha muda; ujumbe unaoupata ni uleule wa nenosiri kukosewa. Rudisha trust kwa muda, kisha:

ALTER ROLE postgres VALID UNTIL 'infinity';

La pili ni aina ya usimbaji. Kuanzia toleo la 14, nenosiri jipya kwa kawaida linahifadhiwa kwa scram-sha-256 (SCRAM), badala ya md5 ya zamani. Nenosiri lililohifadhiwa kwa md5 halipiti kwenye mstari unaodai scram-sha-256, ingawa kinyume chake kinapita. Programu za zamani nazo hazijui SCRAM: JDBC (dereva wa kuunganisha programu za Java na kanzidata) iliijua kuanzia 42.2.0, kwa hiyo programu ya Java ikilalamika kuhusu authentication type 10, sasisha dereva wake, usiishushe seva irudi md5. Na programu zote zilizokuwa zikiingia kama postgres zitakwama hadi uzipe nenosiri jipya. Tumia nafasi hiyo kuipa kila programu mtumiaji wake mwenyewe, asiye mkuu.

Kwa mwenye seva ya zamani na Error 1069, njia ni nyingine. Fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi:

net user postgres NenosiriJipya

Kisha services.msc, bofya huduma mara mbili, ukurasa wa Log On, andika nenosiri lilelile mara mbili, uanzishe huduma. Inawezekana pia kwa sc.exe config, ukiacha nafasi baada ya alama ya = kwenye obj= na password=, na ukiandika sc.exe kamili, kwa sababu ndani ya Windows PowerShell neno sc peke yake ni amri nyingine kabisa. Lakini dirisha la Services lina faida moja: linaipa akaunti haki ya Log on as a service endapo haina, jambo ambalo sc.exe haifanyi, na haki hiyo ikikosekana unarudi kwenye 1069 ileile hata nenosiri likiwa sahihi.

Kama huduma ilikuwa ikifanya kazi vizuri kisha ikagoma baada ya seva kuwashwa upya, huenda nenosiri la Windows liliisha muda kimyakimya. Liondolee ukomo, ndani ya PowerShell kwa haki za msimamizi:

Set-LocalUser -Name postgres -PasswordNeverExpires $true

Tahadhari moja kabla ya kutumia net user. Ikiwa folda ya data ilisimbwa kwa EFS (usimbaji wa faili wa Windows) chini ya akaunti hiyo, kuilazimishia nenosiri jipya kunaikatia njia ya kufungua faili zake. Angalia kwa amri ya cipher ndani ya folda ya data: faili zenye herufi E mbele zimesimbwa. Ukiziona, simama hapo. Tafuta kwanza nenosiri la zamani au nakala ya cheti cha EFS.