Kabati la mkongo ndani ya Land Rover

Juzi usiku kijana mmoja wa Pasua, Moshi, alinitumia ujumbe. Amenunua Land Rover 110 ya zamani, namba A, na mfukoni zimebaki milioni tatu. "Kaka, nataka niweke kitanda, jiko, kabati na bafu. Nianzie wapi?" Nilicheka peke yangu kitandani, mpaka mke wangu akauliza kuna nini. Nilipomsomea hakucheka. Alisema tu, "Mwambie habari za Engaruka."

Haya, nawaambia.

Sote tunaofuatana hapa tunataka kitu kilekile: Ijumaa unatoka kazini, unapita soko la Kilombero kuchukua nyanya na vitunguu, na asubuhi unaamka ukitazamana na Kilimanjaro bila kumlipa mtu wa hoteli hata senti. Mimi nilikitaka kwa pupa. Gari yangu ilikuwa 110 yenye injini ya 300Tdi, imechoka lakini inawaka. Baba mdogo ni seremala, tena seremala hasa, akaniambia ana mbao nzito za mkongo amezihifadhi miaka. Akanitengenezea kabati, meza ya kukunja na kitanda chenye droo sita. Vilikuwa vizuri, jamani. Watu walikuwa wanasimama pale nyumbani Sakina, Arusha, kupiga picha. Juu ya keria nikafunga madumu manne ya maji ya lita 20, tairi mbili za akiba na jeki.

Shemeji yangu alizunguka gari mara moja, akasema, "Hili ni kabati lenye magurudumu." Sikumjibu. Mpaka leo neno lile linaniuma, hasa kwa kuwa lilikuwa kweli.

Safari ya kwanza tulielekea Ziwa Natron, mimi, mke wangu na binti yetu. Kutoka Mto wa Mbu barabara ilikuwa imejikunja kama bati, na kila mkunjo niliusikia kwenye meno. Tumepita Selela, hatujafika Engaruka, gari ikalia nyuma kama mtu amedondosha sufuria. Springi ya nyuma ilikuwa imekatika vipande viwili, bodi imelalia tairi na harufu ya mpira imejaa ndani. Kisha nikagundua kwamba springi ya akiba ninayo, ila iko ndani ya droo ya chini, na droo haifunguki kwa sababu gari imepinda.

Mke wangu na mtoto walirudi Mto wa Mbu kwa bodaboda. Mimi nililala pale kwenye kitanda cha mkongo, peke yangu, nikiyasikiliza madumu yakidondosha maji juu ya kichwa changu. Mwaka mzima mama watoto hakukanyaga tena gari ile.

Kwa hiyo, kijana wangu, anza na mizani. Niliporudi Arusha niling'oa kila kitu na kukipeleka kwa jirani anayenunua mahindi, nikapima kimoja kimoja kwenye mizani ya magunia. Kabati peke yake lilizidi uzito wangu mimi. Kwenye kibati cha gari yangu kumeandikwa mwisho wa uzito, kilo 3,050, na hizo ni pamoja na gari yenyewe, dizeli, maji, wewe, mkeo na unga wa ugali. Maji lita 80 ni kilo 80. Ukiyaweka juu ya paa gari inayumba kila kona. Yangu sasa ni madumu mawili tu, sakafuni, nyuma ya viti vya mbele.

Kitanda nilikirudia kwa bomba za mraba na plaiwudi ya milimita 9. Shiti moja ina kama kilo 15. Kimekaa sawasawa na maboksi yanayofunika matairi ya nyuma, wala si juu zaidi, maana ukikiinua huwezi kuketi ukavaa shati. Juu yake sponji ya futi nne. Kabati ni kreti mbili za soda na mikanda.

Umeme ni betri ya pili yenye fyuzi yake, ili taa zisimalize ile ya kuwashia injini. Mengine fundi wako atakuonyesha.

Pesa iliyobaki iende chini ya gari. Bodi ya 110 sehemu kubwa ni alumini, inang'aa na kukudanganya, wakati chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari, ni chuma na inaoza kimyakimya, hasa kule nyuma. Lala chini, igonge kwa nyundo; palipo pazima panalia, palipooza panatoa sauti butu. Yangu ilichomelewa upya mtaa wa Unga Ltd kabla sijanunua hata mto wa kulalia. Na mkanda wa taimingi wa 300Tdi, kama hujui ulibadilishwa lini, badilisha.

Jiko la mkaa usiliingize ndani kamwe, hata baridi ya Sanya Juu ikuume namna gani. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haionekani wala hainuki, na inaua watu usingizini. Gesi ya mtungi mdogo, nje, chini ya turubai. Hapo sibishani na mtu.

Mwezi uliopita tulilala Ziwa Chala, watatu. Mke wangu alikaa mbele, chupa ya chai mapajani, na njia nzima alikuwa anasikiliza nyuma. Tulipofika akasema, "Haijalia."

Bafu lako ni ndoo na kata, kijana. Nitumie kwanza picha za chesisi.