Re: Nataka uwakala wa mikono ya roboti, mbona kampuni nyingi zinakufa?

Mkuu usilipe hiyo advansi anayotaka muuzaji wa mikono ya roboti. Unasema umeona video mkono unapanga maboksi, bei chee, na huyo muuzaji anakwambia hauhitaji fundi. Hizo kampuni za kutengeneza roboti zinakufa kwa sababu ya video kama hizo.

Mimi ni fundi wa mashine kiwanda cha vifuniko vya plastiki huku Ohio, tuliletewa mkono wa aina hiyo, muuzaji akaapa utaanza kazi siku hiyohiyo. Demo kafanya na boksi lake, limenyooka safi. Sasa kwetu kifuniko kinatoka bado cha moto, kinateleza, kingine kimelala upande, mkono unashuka unashika hewa, unarudi, unashika hewa tena, na mashine nyuma yake imesimama inausubiri. Ikabidi inunuliwe gripa nyingine (kile kiganja cha kushikia bidhaa), kamera, meza ya chuma ya kupangia, halafu alipwe mtu wa kuunganisha vyote, bili ya hayo ikaupita mkono wenyewe! Ukimpigia muuzaji, "subirini apdeti ya programu". Apdeti gani inaleta gripa? Wale watu wananiudhi mpaka leo, wanajua kabisa wanachokificha.

Na sio vikampuni vya uchochoroni tu. Rethink Robotics ya Boston, mwanzilishi Rodney Brooks, aliyekuwa profesa wa chuo cha MIT na mmoja wa waanzilishi wa iRobot, kampuni ya roboti za kufagia nyumba, 2012 walitoa roboti yao Baxter kwa kama dola 22,000, mikono miwili, skrini yenye macho, unaushika mkono unauonyesha kazi. Ilikuwa salama kweli, viungo vilikuwa na springi, ila springi hizohizo zilifanya mkono usitue palepale kila mara. Vyuo vikaipenda, viwandani haikushika. 2015 wakaleta roboti nyingine, Sawyer, afadhali, lakini Oktoba 2018 wakafunga. Wakati huo Universal Robots wa Odense, Denmark, walishakuwa wanauza mkono wao wa UR5 tangu 2008, bei juu kuliko Baxter, haina uso wala macho, ila inarudi palepale kwa tofauti ya sehemu ya kumi ya milimita. Mwenye kiwanda analipia hiyo.

Kwa hiyo chukua bidhaa ya mteja wako wa kwanza, hata kama ni chupa za juisi zenye unyevu, katoni nzima, mpelekee huyo muuzaji aendeshe zamu nzima wewe umesimama hapo na saa yako, unahesabu zilizodondoka. Sio video, sio boksi lake. Akianza visingizio usimpe hata senti, na ukishamuuliza rudi hapa utuambie kajibu nini.