Picha za vyumba hupotea kila tukibadilisha bei

SWALI: Assalamu alaykum, Maalim. Mimi na binamu yangu tumetengeneza programu ya kuweka nafasi katika nyumba za wageni za hapa Shela, pamoja na boti za kuwachukua wageni Mokowe. Tumeitia kwenye kontena la Docker, yaani kisanduku kinachobeba programu na kila inachohitaji ili iendeshwe popote, na kuipandisha kwenye huduma ya wingu (kompyuta za kukodi mtandaoni) tunayoilipia kwa mwezi. Inakwenda vizuri, lakini kila tukibadilisha bei na kupandisha toleo jipya, picha za vyumba na nakala za pasipoti walizopakia wenye nyumba hutoweka. Majina ya wageni yapo, picha hazipo. Tena msimu ukichanganya, kama wakati wa Maulidi, programu huanguka na kuandika namba 137, kisha huinuka yenyewe. Anayetuuzia huduma anasema tuchukue mpango mkubwa zaidi. Tuchukue?
*Msomaji, Shela, Lamu*

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Msinunue kitu kwanza. Matatizo yenu ni mawili na yote yanaanzia kwenye picha.

Mnapopandisha toleo jipya, huduma ya wingu hailitengenezi kontena lililokuwa likiendeshwa. Hulizima, hulitupa, na kuanzisha jingine kutoka kwenye imeji mpya, yaani ule mfungo mlioujenga wenye msimbo wenu, maktaba zake na mafaili ya mfumo. Faili lolote linaloandikwa kontena likiwa linaendeshwa hukaa kwenye tabaka jembamba juu ya imeji, na tabaka hilo huondoka pamoja na kontena. Nyinyi ni watu wa nyumba za wageni, mtanielewa: mgeni akitoka, chumba husafishwa, na alichokisahau chini ya kitanda hakimngojei mgeni wa kesho. Majina yamesalimika kwa sababu hifadhidata yenu iko nje ya kontena. Picha mmeziacha ndani.

Kabla ya kugusa chochote, fanyeni jaribio kwenye kompyuta yenu wenyewe. Endesheni kontena, pakieni picha moja ya chumba, kisha andikeni `docker diff` na jina la kontena. Itatoka orodha ya mafaili, kila mstari ukianza na herufi: A ni faili lililoongezwa, C ni lililobadilishwa, D ni lililofutwa. Picha yenu mtaiona hapo na A yake. Someni orodha yote, msiishie kwenye picha. Humo mnaweza kukuta risiti za PDF, au faili la SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya faili moja, lililotumika siku za majaribio likasahaulika, na kumbe bado kuna kitu kinaandikwa ndani yake. Kila chenye A ambacho kikipotea kesho kitawaumiza, kitoeni nje.

Kiende wapi? Mtaambiwa tumieni volyumu, yaani hifadhi inayounganishwa na kontena na kubaki hata kontena likiondolewa. Kwa hifadhidata inafaa. Kwa picha zenu siipendi. Volyumu ya kawaida hufungamana na mashine moja. Siku mtakapotaka makontena mawili yasaidiane, kila moja na volyumu yake, picha iliyopakiwa kupitia la kwanza haitakuwapo kwenye la pili. Mgeni akifungua ukurasa ataiona, akirudia haioni, akirudia tena ataiona. Sijui hitilafu inayowachosha vijana kuliko hiyo, kwa sababu mkikaa kuitafuta hujificha.

Pelekeni picha kwenye hifadhi ya mafaili ya wingu, ile ambayo kila faili lina anwani yake na makontena yote huifikia kwa njia ya mtandao. Amazon ilianzisha S3 mwaka 2006, na watoa huduma wengi wameiga namna yake ya kuzungumza na programu, kwa hiyo msimbo mtakaouandika hautawafunga kwa muuzaji mmoja. Ndani ya hifadhidata bakisheni jina la faili tu. Funguo za kufungulia hifadhi hiyo msiziandike ndani ya imeji. Zitieni kwenye mipangilio ya siri ya huduma, zisomwe kontena linapowaka. Anayeipata imeji anaweza kuifungua tabaka kwa tabaka, na ufunguo mliofuta kwenye tabaka la juu ataukuta la chini.

Pasipoti ni jambo jingine, na hapa nataka mnisikilize sana. Picha ya chumba ni ya kuonyeshwa ulimwengu, pasipoti ya mtu ni amana. Zisikae mahali pamoja. Wekeni pasipoti kwenye hifadhi iliyofungwa kwa umma, na mwenye nyumba anayehitaji kuiona apewe kiungo chenye saini kinachokoma baada ya dakika chache. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 haitaki mkusanye zaidi ya mnachokihitaji wala mkae nacho baada ya haja kwisha. Mgeni ameshapanda ndege kwenda kwao, nakala yake mnaifanyia nini?

Sasa 137. Ni 128, inayomaanisha programu imeuawa kwa ishara, ukiongeza 9, na 9 ni ishara ya Linux (mfumo unaoendesha kontena) inayoua programu papo hapo. Kuna sababu mbili za kawaida, na wakati wa kuanguka ndio utakaowaonyesha ni ipi. Kama ingeanguka mnapopandisha toleo, ningesema Docker iliiomba izime, ikangoja sekunde 10, haikuitikiwa, ikaiua. Lakini yenu huanguka watu wakiwa wengi, kwa hiyo nashuku kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) imejaa. Hakikisheni: kwenye mashine yenu, `docker inspect` huonyesha neno OOMKilled, na likiwa na jibu la kweli basi ndiyo hiyo. Kwenye wingu tazameni grafu ya kumbukumbu.

Chukueni kalamu. Simu nyingi za leo hupiga picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yaani milioni 12. Faili lake laweza kuwa MB 4 kwa sababu limebanwa, lakini programu ikilifungua ili ilipunguze, kila pikseli huchukua hadi baiti 4. Picha moja imekuwa MB 48. Kama kontena lenu limepewa MB 512, wenye nyumba kumi wakipakia kwa pamoja wameshakula 480, na programu yenyewe hatujaihesabu. Mkinunua kontena la ukubwa maradufu mtakuwa mmeahirisha tatizo hadi wafike ishirini.

Punguzeni picha kwenye simu kabla haijatumwa. Kivinjari kinaweza kazi hiyo, upana wa pikseli 1600 unatosha kuonyesha chumba, na wenye nyumba watawashukuru kwa bando. Zile zinazofika kubwa zipangwe foleni, zichakatwe moja moja. Mkishafanya hivyo na grafu bado inagonga juu, hapo nunueni mpango mkubwa kwa moyo mweupe.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasimamia programu ya kikundi chetu cha wauza samaki hapa Malindi, inayorekodi mizani ya kila siku. Tangu ninunue Mac mpya, imeji ninayojenga haiwaki kwenye wingu, inaandika "exec format error". Na ripoti niliyoipanga itoke saa sita za usiku hutoka saa tisa. Rafiki yangu ananishauri nihamie Kubernetes. Nihamie?
*Msomaji, Malindi*

JIBU: Marahaba, binti yangu. Usihamie. Kubernetes ilitolewa na Google mwaka 2014 kwa ajili ya kuratibu makontena mengi juu ya mashine nyingi. Wewe una kontena moja, na hakuna hata moja kati ya shida zako litakalotatuliwa huko. Utaongeza vitu vya kujifunza na bili.

Mac mpya zinatumia prosesa za aina ya ARM, na seva yako bila shaka ni ya x86, aina nyingine isiyoweza kuendesha programu iliyojengwa kwa ajili ya ARM; ndiyo maana ya hilo kosa. Unapojenga imeji ongeza `--platform linux/amd64`. Itajengeka polepole zaidi, lakini itawaka.

Saa nayo ni rahisi. Kontena kwa kawaida hufuata saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Weka kigeu TZ, mpangilio unaoiambia programu ifuate saa ya wapi, kiwe Africa/Nairobi. Kama imeji yako ni ile iliyopunguzwa sana, sakinisha kwanza furushi la tzdata, orodha ya saa za maeneo ya dunia, maana bila hilo jina la Nairobi halitambuliki. Kisha rudi kwenye ripoti za nyuma. Samaki waliopimwa kati ya saa sita na saa tisa usiku wamehesabiwa kwenye siku iliyotangulia, na kama wavuvi wenu wa usiku hulipwa kwa hesabu ya siku, wapo ambao malipo yao yanatakiwa kupitiwa upya.