Altar ya Sunn O))) na Boris: usianze na wimbo wa kwanza

Mkuu, umeuliza kama Altar, albamu ya pamoja ya bendi za Sunn O))) na Boris, ni roki kweli au mngurumo tu, maana umesikiliza wimbo wake wa kwanza, Etna, mpaka mwisho hujapata mdundo wa kutikisia kichwa. Ni vyote viwili, na wengi huishia hapohapo ulipoishia wewe.

Sunn O))) ni Wamarekani wawili, Stephen O'Malley na Greg Anderson, watu wa noti moja nzito inayovutwa hadi ukuta uchoke. Boris ni Wajapani watatu ambao roki ya kasi wanaijua vizuri. Albamu ilitoka 2006, na raha yake ni kwamba kila upande umemwachia mwenzake nafasi.

Ruka hadi wimbo wa tatu, The Sinking Belle. Mwimbaji mgeni, Jesse Sykes, anaimba polepole, kelele hakuna kabisa, giza limebaki. Ukishazoea hewa hiyo, rudi Etna: gitaa linashikilia noti mpaka fidibeki (mlio wa gitaa linapojirudia kupitia spika) inaanza kuimba yenyewe, na ngoma za Atsuo wa Boris zinaporomoka chini yake kama mawe mlimani. Blood Swamp iweke mwisho, inazidi dakika 14 na Kim Thayil wa bendi ya roki ya Soundgarden yumo kwenye gitaa.

Halafu tafadhali, si kwa spika ya simu! Besi yote inapotea, unabaki na mchakacho. Mimi niliiweka kwenye sabufa, glasi zikaanza kulia kabatini, jirani akaja kuuliza nimenunua jenereta lini.