Nimelipa deni, mbona alama bado mbaya?

SWALI: Nauza dagaa Kibirizi. Mkopo wangu wa benki niliulipa wote kabla ya muda. Sasa naomba mwingine, afisa mikopo anasema alama zangu ni mbaya. Benki ya pili ikanisomea namba tofauti kabisa. Niamini ipi?
Mama wa dagaa, Kigoma

JIBU: Mama, weka namba pembeni kwanza, uombe ripoti iliyoizaa. Alama inakisia tu kama mtu mwenye rekodi kama yako atachelewesha marejesho. Inaona ucheleweshaji, haioni sababu. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15; aliyekwama na rejesho miezi ile anaonekana sawa na mkwepaji.

Namba kutofautiana si ajabu. Benki Kuu imezipa leseni taasisi za kutunza taarifa za wakopaji, Creditinfo na Dun & Bradstreet, na kila moja ina ukokotoaji wake. Huenda pia moja ilisomwa kabla taarifa zako mpya hazijafika. Kwa hiyo usizilinganishe.

Kwa ulivyoeleza, sisi tungeanzia kwenye salio dogo. Anayelipa kabla ya muda huona deni kwenye simu Ijumaa, analipa Jumatatu, na riba ya siku hizo tatu inabaki. Tuseme ni shilingi 3,400. Hakuna anayekupigia simu kwa fedha hiyo, lakini siku zinahesabika, na zikipita 90 mkopo huingia kwenye mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa inavyotakiwa. Katika alama, siku za kuchelewa zinaweza kukuumiza kuliko ukubwa wa deni.

Omba nakala ya ripoti yako kwa taasisi hizo zote mbili. Kagua jina na namba ya NIDA, tarakimu zote 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa, kwa hiyo mkopo wa mtu mwenye jina kama lako utaugundua hapo. Kisha pitia kila mkopo: salio, siku za kuchelewa, tarehe ya kufungwa. Mikopo ya simu nayo usiiruke.

Ukikuta kosa, iandikie benki iliyolileta, uambatishe risiti na barua ya kumaliza deni, nakala uipeleke kwa taasisi yenye ripoti. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikupuuza, dawati la malalamiko la Benki Kuu lipo, ila litakuuliza kwanza kama ulianza na benki yenyewe.

Usijione una mkosi. Marekani, ambako alama hizi ni za miaka mingi, utafiti wa tume yao ya biashara, FTC, wa mwaka 2012 ulikuta karibu mtu mmoja kati ya watano ana kosa lililothibitishwa kwenye ripoti.

Ila kama kuchelewa kulikuwa kwa kweli, rekodi hiyo haifutwi kwa malalamiko. Anayekuahidi kuisafisha kwa ada anataka fedha yako tu. Na marejesho ya VICOBA mara nyingi hayafiki kwenye ripoti hizi. Mpelekee afisa mikopo daftari lako la kikundi alione mwenyewe.