Kobalti, IMRT na mionzi ya ndani: je, tusubiri mashine mpya?

SWALI: Dada yangu ana umri wa miaka 47 na amegundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi, hatua ya 2B. Hospitali ya kwanza inaweza kumwanzishia mionzi baada ya wiki mbili kwa mashine ya kobalti, kisha apate mionzi ya ndani hapo hapo. Hospitali ya pili inatoa IMRT (mionzi ya nje inayofuata umbo la eneo linalotibiwa), lakini foleni yake ni ya miezi mitatu na gharama ni kubwa zaidi. Dada anaiogopa mno mionzi ya ndani, na jirani ametuambia kwamba anayepata IMRT haihitaji tena. Naomba ufafanuzi wa kitaalamu kuhusu tofauti za njia hizi, na kama inafaa kusubiri. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana wewe na familia yako, na mfikishie dada salamu zangu. Nitaanza na maneno ya jirani, kwa kuwa ndiyo yanayoweza kumdhuru mgonjwa: IMRT haichukui nafasi ya mionzi ya ndani.

Tiba ya hatua ya 2B, ambapo saratani imetoka nje ya shingo ya kizazi lakini haijafika ukuta wa nyonga, ina sehemu mbili zinazotegemeana. Mionzi ya nje hutolewa siku tano kwa wiki, kwa kawaida grei 45 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) katika vipindi 25, pamoja na dawa ya saratani iitwayo sisplatini mara moja kwa wiki iwapo figo na wingi wa damu vinaruhusu. Sehemu hii hutibu shingo ya kizazi, mfuko wa uzazi na tezi za limfu za nyonga kwa pamoja. Uvimbe wenyewe, hata hivyo, unahitaji jumla ya grei 80 hadi 85 au zaidi, kiasi ambacho utumbo ulio jirani hauwezi kukipokea bila kuharibika. Hapo ndipo mionzi ya ndani inapohitajika. Kifaa chembamba hupitishwa ukeni hadi ndani ya mfuko wa uzazi, kisha mashine husukuma chanzo kidogo cha iridiamu au cha kobalti kikakaa ndani ya kifaa hicho kwa dakika kadhaa na kurudishwa kwenye kasha lake, bila kubakiza mionzi yoyote mwilini mwa mgonjwa. Nguvu ya tiba hii inatokana na kanuni ya umbali: kwa chanzo kidogo, umbali ukiongezeka mara mbili, ukali wa mionzi hupungua hadi kufikia takribani robo. Uvimbe ulioshikana na kifaa hupata dozi kubwa mno, na puru iliyo nyuma yake hupata sehemu ndogo. Aidha, kifaa kimo ndani ya kiungo chenyewe, kwa hiyo kiungo kikisogea, kifaa husogea nacho. Miale inayotoka nje ya mwili haina uwezo huo, hata iwe ya mashine mpya kiasi gani.

Marekani imeshalipitia jambo hili. Matumizi ya mionzi ya ndani kwa wagonjwa wa saratani hii yalishuka huko kutoka asilimia 83 mwaka 1988 hadi asilimia 58 mwaka 2009, na kumbukumbu za wagonjwa zilipochambuliwa ilionekana kwamba walioikosa walifariki zaidi kwa saratani hiyo kuliko walioipata. Kwa upande mwingine, utafiti wa kimataifa wa EMBRACE, uliochapishwa mwaka 2021 na uliohusisha wanawake zaidi ya 1,300 waliopangiwa mionzi ya ndani kwa picha za MRI, ulionyesha kwamba baada ya miaka mitano ugonjwa ulikuwa umedhibitiwa mahali pake kwa asilimia 92. Woga wa dada una sababu, na haufai kupuuzwa. Mwulizeni daktari, kabla ya siku yenyewe, ni dawa gani ya maumivu, ya usingizi au ganzi ya mgongo atakayopewa, kwa maana ni haki yake kutibiwa bila kuteseka.

Sasa nije kwenye mionzi ya nje. Njia ya zamani huelekeza miale minne, yaani mbele, nyuma, kulia na kushoto, hivi kwamba nyonga nzima pamoja na utumbo uliomo hupata dozi inayokaribiana. Mpango ukitengenezwa juu ya picha za CT, miale ile hupewa umbo la eneo linalotibiwa. IMRT huenda mbali zaidi: vibao vyembamba vya tangsteni hufunguka na kufunga wakati mashine inatoa mionzi, na dozi hujikunja kuzunguka utumbo badala ya kuupitia. VMAT ni IMRT inayotolewa mashine ikizunguka mwili bila kusimama. Faida yake kubwa ni muda, kwani mgonjwa hulala mezani kwa dakika chache tu.

Kobalti nayo ina udhaifu wa kifizikia ambao sitauficha. Katika kina cha sentimita 10, mwale wake hubakiwa na takribani asilimia 57 ya dozi yake ya juu, ilhali mwale wa megavolti 6 wa LINAC (mashine inayozalisha mionzi kwa umeme) hubakiwa na asilimia 67 hivi. Kwa mwanamke mwembamba tofauti hii ni ndogo, lakini kwa mwenye mwili mnene ngozi na mafuta hubeba mzigo mkubwa. Hata hivyo, mionzi ya kobalti huua seli za saratani sawasawa na mingine, na ndiyo iliyotibu wagonjwa wengi wa Tanzania kwa miaka mingi kabla Taasisi ya Saratani Ocean Road haijaanza kutumia mashine za LINAC mwaka 2018.

Je, IMRT inasaidia? Ndiyo, hasa kwa tumbo. Katika utafiti wa PARCER uliofanyika Mumbai kwa wanawake 300, madhara ya utumbo ya kiwango cha pili (yaani ya wastani) au zaidi baada ya miaka mitatu yaliwapata asilimia 21 ya waliotibiwa kwa IMRT iliyoongozwa na picha, na asilimia 42 ya waliotibiwa kwa njia ya kawaida ya CT. Kurudi kwa saratani hakukutofautiana. Zingatia pia kwamba wanawake hao walikuwa wameshaondolewa mfuko wa uzazi. Wa dada yako upo, nao husogea, wakati mwingine kwa sentimita kadhaa, kulingana na mkojo uliomo kibofuni. Kwa sababu dozi ya IMRT huishia karibu sana na mpaka uliochorwa, kizazi kikisogea nje ya mpaka huo hukosa dozi. Hospitali inayotoa IMRT bila kupiga picha kabla ya kila kipindi, na bila kupanga tiba kwa kibofu kilichojaa na kilicho tupu, mimi singeipendelea kuliko miale minne iliyopangwa vizuri.

Kuhusu kusubiri, ushauri wangu ni kwamba msisubiri. Miezi mitatu inatosha uvimbe kufika ukuta wa nyonga na kuziba mirija ya mkojo, na figo zikidhoofika sisplatini haitolewi. Ningebadili ushauri huu iwapo CT ingeonyesha tezi zilizovimba juu ya nyonga, kando ya mshipa mkuu wa damu, kwa kuwa hapo eneo la kutibu hupanda hadi kwenye utumbo mwingi na karibu na figo, na IMRT huwa na thamani kubwa. Hata hivyo, kwa hali hiyo ningeomba rufaa ya haraka, si nafasi ya miezi mitatu.

Kabla ya kuanza, iombeni hospitali ya kwanza iwape tarehe za mionzi ya ndani kwa maandishi. Tiba yote, ya nje na ya ndani, inapaswa kukamilika ndani ya wiki nane tangu kipindi cha kwanza, kwani kila siku inayozidi hapo hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe. Ulizeni pia siku ambazo mashine imekuwa ikisimama kwa matengenezo, na jinsi vipindi vilivyokosekana vinavyofidiwa.