Zawadi nayo huweza kuua hamu

Unauliza kwa nini mtoto aliyekuwa anapenda kusoma ameacha tangu muanze kumlipa kwa kila kitabu. Piramidi ya Maslow, ile inayopanga mahitaji ya binadamu kwa ngazi, haitakusaidia sana hapo. Anza na jaribio la mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake la 1973. Walichukua watoto wa chekechea waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti chenye utepe wakichora, wengine wakapewa cheti hichohicho kwa kushtukizwa, na wengine hawakupewa kitu. Baadaye kalamu zilipowekwa tena mezani, bila ahadi yoyote, wale walioahidiwa walichora kwa takriban nusu ya muda wa wenzao. Walioshtukizwa hamu yao ilikuwa palepale. Kwa hiyo mimi nalaumu zaidi lile sharti la "ukifanya hivi nakupa hiki" kuliko zawadi yenyewe. Deci na Ryan, wanasaikolojia waliochunguza hamu inayotoka ndani ya mtu, wangesema mmemnyang'anya uhuru wa kujiamulia. Kwa kazi asiyoipenda tangu mwanzo, mfano kuosha vyombo, mlipe tu, hapo hakuna hamu ya kuharibu.